Baba Kerubo, Kompyuta Yako Inaniuliza Swali

Baba Kerubo wangu,

Huku Manga mvua imerudi, na mimi niko sebuleni mbele ya kompyuta yako. Najua ulivyokuwa ukisema, "Mwalimu, hapo usiguse." Nimegusa. Kama hukutaka niiguse, ungebaki uiguse mwenyewe.

Acha nikueleze nilivyofika hapa. Miaka ishirini umepiga video za harusi na mazishi ya mlima huu wote, na kila familia ambayo diski yake imekwaruzika inajua nakala iko kwako. Hata matanga yako hayajaisha, Mama Nyaboke wa hapo chini akaja. "Mwalimu, nataka kumwona mama tu, kidogo." Nikawasha kompyuta. Ikaonyesha jina lako, na chini yake pahali pa kuandika neno la siri. Nikaandika Kerubo. Ikakataa. Nikaandika jina la ng'ombe. Ikakataa. Nikaandika jina langu, kwa aibu, maana Mama Nyaboke alikuwa ananiangalia. Ikakataa hata hilo, na sikufichi, nilikununia siku tatu nzima. Mama Nyaboke akanywa chai akaenda zake, wengine wakasikia wakaacha kuja, na nyumba ikanyamaza.

Kerubo akanipigia kutoka Nairobi. "Mama, hiyo Windows ya baba imezeeka, na neno la siri hatuna. Tuifute, tuweke Linux. Kompyuta ikae hapo kwenye kona iwe sava. Itatunza video zote, na wewe utazitazama kwa televisheni ukichagua kwa rimoti. Stima ikipotea ikirudi, inajiwasha yenyewe." Nikamuuliza hiyo Linux ni mdudu gani. Akacheka. Akasema ni mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuiambia ifanye nini. Nikamwambia basi tuweke Windows mpya, angalau hiyo naijua kutoka shuleni. "Mashine ya baba haitaibeba, mama. Na hata ukichagua hiyo, bado lazima tufute."

Tufute! Alilisema haraka, kana kwamba ni ubao wa darasa la nne.

Nikashuka Kisii mjini kwa Hansa, yule uliyekuwa ukinunua kaseti kwake tangu duka likiwa la baba yake. "Bwakire, mwalimu," akanisalimu kwa Kigusii chake kile kile. Akaniwekea Linux kwenye flash, akanielekeza polepole. "Unachomeka, unawasha, inakuuliza: kujaribu tu, au kusakinisha? Ukichagua kujaribu, haigusi kitu cha mzee, na faili zake unaziona zote. Ukichagua kusakinisha, inafuta kila kitu na kukaa yenyewe."

"Na nikikosea?"

"Usikosee," akasema akicheka, halafu akaona uso wangu. Akatoka nyuma ya kaunta akaja kunishika mkono, na wateja wakangoja.

Miezi minne nimekuwa nikichagua kujaribu. Na unaijua stima ya huku. Ikipotea, ile Linux ya flash inasahau kila kitu, ukubwa wa herufi, wifi, mahali nilipofika. Naiwasha tena, inaniuliza tena kana kwamba hatujawahi kuonana. Kujaribu, au kusakinisha? Nabonyeza kujaribu. Kerubo akipiga, "Mama, umeshasakinisha?" namwambia bado, niache kidogo. Yeye anadhani ni uzee. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakutafuta, na sikutaka kitu chochote kifutwe kabla sijakupata.

Huku mlimani hakuna mazishi yaliyoendeshwa na mtu mwingine ila wewe, hata kama mchungaji alidhani ni yeye. "Wajukuu! Wajukuu wa marehemu nyuma ya jeneza! Na wewe, toa hiyo mwavuli!" Nyumbani nakwambia ni huo mwavuli, Baba Kerubo, unaniaibisha. Nawe unanijibu, "Lakini si ilitoka?"

Sasa siku yako. Ndugu yako Ombati ndiye aliyeshika kipaza sauti. Akaita, "Mjane na watoto, wakwe, majirani, tujipange kwa picha." Tukajipanga kando ya jeneza kama ulivyotufundisha, wafupi mbele, warefu nyuma. Watu wakanyoosha makoti. Mama Nyaboke akaufunga mwavuli wake bila kuambiwa, na mvua ilikuwa inanyesha. Tukatazama mbele.

Mbele hapakuwa na mtu, Baba Kerubo. Palikuwa na nyasi tu, na ule mgomba. Mimi nilidhani Kerubo ametafuta mtu wa kamera, Kerubo alidhani ni Ombati, na Ombati aliniambia baadaye, akilia mtu mzima yule, kwamba kichwani mwake alikuwa anakungoja wewe. Tulisimama hivyo, tumetulia, hakuna anayepiga, mpaka mchungaji akakohoa. Mlima mzima, mazishi yasiyo na video ni yako peke yako. Simu za watoto zilipata visogo na mgongo wa mchungaji.

Ndiyo maana kila jioni nikitoka shule nilikuwa nachomeka ile flash nakutafuta. Nimepitia harusi za watu nisiowajua, mazishi ya Kebirigo, mazishi ya Masimba. Sauti yako iko kila mahali. Sogea. Tabasamu, bibi harusi, si unaolewa kwa hiari? Uso wako haupo popote. Hata kwenye kioo kimoja, hata kwenye dirisha la gari. Mtu gani anapiga video miaka ishirini na hajipigi hata kwa bahati mbaya?

Halafu juzi nikakuta folda umeiita USIFUTE.

Nilidhani nimekupata. Nikaenda kwanza kunywa maji. Kuifungua, ni mimi. Zile asubuhi zote ulizokuwa ukijaribu kamera uani kabla ya kwenda kazini, ambazo nilijua unazikata na kuzitupa. "Mama Kerubo, sema kitu, nipime sauti." Niache, maziwa yanamwagika. "Sema kitu." Ondoka hapo na hicho kidude chako. Mgongo wangu jikoni. Mgongo wangu shambani, kikapu cha majani chai kimening'inia. Mgongo wangu ukitoka langoni na madaftari ya watoto. Nywele nyeusi, halafu chache nyeupe, halafu hizi. Ulizitunza zote kwa mpangilio. Mara moja tu nageuka nikicheka, siku kuku alipokurukia na picha ikaenda angani.

Nilikutafuta wewe nikajikuta mimi, na sijawahi kuwa mpweke kama jioni ile. Maana sasa hakuna anayeniangalia. Na mimi, wakati ulipokuwepo, sikusema hata mara moja, lete hicho kidude nikushikie, simama hapo wewe. Najuta. Naliandika hapa wazi, wasome watu: najuta.

Jana nikanakili kila kitu kwenye diski niliyoichukua kwa Hansa, na USIFUTE nikainakili mara mbili. Kisha nikaichomoa flash, nikawasha kompyuta hivi hivi, nilione jina lako kwa mara ya mwisho. Likatokea. Safari hii sikubahatisha neno lolote. Nilikaa nalo mpaka uji ukapoa, nikazima. Nikarudisha flash. Ikauliza. Kerubo alikuwa kwenye simu, nikasikia tu anavyopumua. Nikabonyeza kusakinisha.

Ikaniuliza mwenye kompyuta ni nani, nikaandika Mama Kerubo. Ikauliza mashine yenyewe iitwe nani, nikaiita jina lako. Neno la siri siliandiki hapa, lakini wewe ungelipata mara ya kwanza, si kama mimi.

Usiku Kerubo akanielekeza kwa simu, nikazirudisha video zote kutoka kwenye diski na kuiunganisha televisheni. Leo Mama Nyaboke amekuja, amemwona mama yake kwenye televisheni, amelia vizuri, amekunywa chai vikombe viwili. Katikati stima ikapotea. Iliporudi, ile mashine ikajiwasha yenyewe, haikuniuliza chochote. Nilikuwa nimezoea kuulizwa.

Alipoondoka nikafungua USIFUTE. Sebule ikajaa wewe. "Mama Kerubo, sema kitu, nipime sauti." Yule wa kwenye televisheni akasema, niache. Huyu wa kwenye kiti akafungua mdomo, maneno yakagoma. Nikasimamisha video hapo hapo, nikachukua karatasi, nikaanza kukuandikia.

Kwa hiyo nimesema, Baba Kerubo. Umeomba miaka yote hiyo, na leo nimesema kwa urefu, na nimekugeukia.

Sauti inafika?

Ni mimi,
Mama Kerubo