Gari Likinyamaza, Limekubali

Baba Halima wangu,

Jana binti yako alinipeleka Wajir kwa gari lake jipya. Tulipoipata lami iliyonyooka nikasikia mlio wa injini ukishuka, kidogo tu, nikacheka peke yangu. Halima akaniuliza, "Hooyo, mama, kuna nini?" Nikamwambia, "Limekubali." Hakuelewa. Wewe ungeelewa, ndiyo maana nakuandikia, tena kwa Kiswahili hiki cha Mombasa ulichoninyooshea huku ukinicheka.

Unalikumbuka lile gari la Kimarekani la baba yangu? Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, gari kubwa la rangi ya maziwa, halina kanyagio la klachi. Garissa nzima ilikuja kulitazama, na baadaye ikaja kulicheka, maana lilichemka kila safari na kunywa petroli bila haya. Zilikuwa siku za vita vya shifta. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, na aliyeharibikiwa njiani hakungojwa. Baba alishaachwa mara moja huko upande wa Dadaab, akarudi juu ya lori la mbuzi. Ndipo ukaitwa wewe, fundi wa kutoka pwani, na mimi niliyesoma shule nikawekwa kati yenu nitafsiri. Baba hakujua kwamba muda si muda sisi wawili tulikuwa tumeanza kutafsiriana.

Ulipotuma watu kuniposa, nilikaa nyuma ya pazia nikisikiliza. Baba alikujibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha soko la mifugo: "Mimi nabeana binti kwa mutu iko na ngamia. Wewe iko na sbana." Kisha akaongeza, "Hii gari ifike Wajir bila kusimama, tutaongea." Mama akaniambia nisitarajie. Nilitarajia.

Ukalala tena chini ya gari siku nzima, ukatoka na mafuta mpaka kwenye nyusi, ukasema halina ubovu wowote. Ukaanza kutueleza. Ndani ya giaboksi mna pangaboi mbili zinazotazamana, zimezama kwenye mafuta. Injini inaizungusha ya kwanza, ya kwanza inayasukuma mafuta, na mafuta yanaizungusha ya pili. Hazigusani, ndiyo maana gari linaondoka taratibu bila kushtuka. Ila mafuta yanateleza, ya pili haiifikii ya kwanza, na nguvu inayopotea inageuka joto. Kwa hiyo gari likishachanganya mwendo, klachi iliyofichwa humo ndani inazibana zote mbili zikaenda pamoja. Hapo injini inapumzika na mlio unashuka. "Mzee akisikia mlio umeshuka anadhani gari linakufa," ukasema, "anakanyaga mafuta mpaka chini, na klachi inaachia. Kila siku anaziachanisha mwenyewe."

Nilitafsiri yote. Baba akauliza, "Babuko mbili? Ndani ya mafuta?" Pangaboi mdomoni mwake ikawa babuko, kana kwamba ni babu zako wawili. Wewe ukainama kucheka, nami nikakukanyaga mguu.

Tukaondoka na msafara, baba kwenye usukani, wewe kando yake, mimi na mama nyuma na madebe ya maji. Mlio ukashuka. Baba akakanyaga. Ukashuka tena, akakanyaga tena, na sindano ya joto ikaanza kupanda. Ulikuwa ukisema, "Mzee, liache, liache," na sauti yako ilikuwa ya mtu anayeona mke akimponyoka. Basi nikainamia bega la baba, nikamwambia kwa Kisomali: Aabo, ngamia wa mizigo hulalamika lini? Akasema, anapopakiwa. Na akishasimama na kushika njia? Akasema, hunyamaza. Nikamwambia, basi limenyamaza, usilipige.

Akauondoa mguu kidogo. Injini ikatulia, gari likateleza na safari, na sindano ikarudi chini. Habaswein tuliipita tukiwa bado kwenye msafara, na mama, aliyekuwa akisoma dua tangu Garissa, akalala usingizi.

Tulifika Wajir bila kusimama, baba akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti. Akakugeukia. "Haya, fundi. Sema." Na wewe, uliyekuwa ukiongea tangu asubuhi, ulimi ukakukauka. Baba akaniuliza umesema nini. Nikajibu, "Amenyamaza." Akacheka mpaka askari wakageuka. "Kwa kawaida mwali ndiye hunyamaza akikubali," akasema kwa Kisomali. "Huyu naye amekubali mzigo." Sijawahi kupata furaha kama ile, Baba Halima, hata siku ya nikahi yenyewe.

Tangu uende, nyumba imetulia mno. Nimekuwa nikiwasha redio chumba hiki na kile, nikiwaita watoto wa jirani waje wapige kelele, na Halima ananisihi nihamie kwake. Nilidhani ukimya ule ni kitu kinachokufa, nikawa nakanyaga mafuta kama baba. Jana usiku niliporudi nilizima redio. Nikakaa mahali petu, chai yangu mkononi, nikasikiliza.

Bado tumeshikana, mume wangu. Allah akupumzishe pema.

Mzigo wako,
Mama Halima