Gata za Kanisa Jipya

Jumanne, 3 Oktoba

Kamati imepitisha ramani yangu! Mapaa matatu yaliyopandana, vichwa vya majoka kwenye ncha, kuta nyeusi kwa lami – sura ileile ya kanisa lililoungua, na mahali palepale. Ila nguzo ni za chuma na nusu ya ukuta ni vioo. Mchungaji Tordis alitokwa machozi.

Aliyenuna ni mzee Asbjørn peke yake. Chuma sawa, vioo sawa, hata kupasha sakafu joto kwa umeme sawa – lakini gata za kukinga maji ya paa hataki! Ati kanisa la zamani halikuwa na gata, maji yaanguke yenyewe. Nikamwambia yataharibu msingi. "Basi uharibike!" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Mbishi yule!

Jumatano, 11 Oktoba

Katapila limechimba mtaro wa mabomba ya gata, upande wote wa kaskazini. Eivind, mkandarasi, ana haraka, ardhi isije ikaganda. Gudveig, mke wa Asbjørn, alituletea nyama ya kondoo na kabichi. Mumewe hakuja. Mafua, kasema.

Alhamisi, 12 Oktoba



Asbjørn kaja ofisini, hata kukaa hakutaka. "Ragnfrid, mwanangu, huo mtaro umefika kona ya kaskazini?" Umefika, nikamwambia, jana ulikwisha. Akashika meza kwa mikono miwili, akanisimulia.

Mwaka 1961 Gudveig alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Mchungaji wa wakati ule akasema hakubatizwa, hivyo hana kaburi wala jina. Gudveig akaambiwa hospitali imemzika. Kumbe Asbjørn alimchukua, akamtia kwenye sanduku la siagi, akamzika mwenyewe upenuni mwa kanisa, pale kwenye kona. Ili maji ya paa la kanisa yamdondokee.

"Kila mvua ikinyesha nilikuwa nasema, leo tena anabatizwa."

Mungu wangu! Miaka sitini na miwili! Na mkewe hajui mpaka leo.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimempigia Eivind hata chai sijanywa. Udongo wa kaskazini uko wapi? Akasema wameumwaga uwanja wa mpira wa shule, kujazia mabonde. Akaniuliza, si ulisema uondolewe? Nilisema, ndiyo. Hakuna aliyeona sanduku. Nani angeangalia!

Nimesimamisha kazi. Tordis anataka sababu – nimeshindwa kumpa, siri si yangu.

Naandika garini, pembeni ya uwanja. Asbjørn yuko kwenye tope, kainama, anageuza udongo kwa mikono. Nilitaka kumsaidia, akanikataza. Mvua imeanza.

Gudveig huyo anakuja kutoka barabarani! Nani kamwambia? Kagonga kioo, nimekishusha.

"Mwanangu, mume wangu kapoteza nini pale?"

Bado amesimama dirishani, analowa. Anasubiri nimjibu. Nami nimeinamisha kichwa, najifanya naandika mambo ya kazi.