Maongezi ya Saa ya Kulala

Keelung

Mama yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, na goti lako liwe limetulia. Sisi huku tunakula na kufanya kazi, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika hata soksi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungeniambia niache kulia nieleze, nami nisingeweza.

Ulinikataza nisimpeleke Yun-hsi shule ya watoto wanaosikia. Ulisema mtoto kiziwi atakaa darasani kama kiti. Miezi ya kwanza ulikuwa umesema kweli, ingawa sikukuambia kwa ubishi wangu. Wenzake walikuwa wakimgusa bega na kukimbia. Kilichomwokoa ni ile saa ya kulala baada ya chakula cha mchana. Si unajua wanavyozima taa, wanavuta mapazia, kila mmoja analaza kichwa mezani, na kiranja anaandika ubaoni jina la atakayefungua mdomo? Jina la Kai-lin lilikuwa halikosi. Huyo ni mtoto wa muuza tambi wa mtaa wa pili, ana mdomo kama cherehani. Siku moja akamwona Yun-hsi akijisemea kwa mikono chini ya meza, akaomba afundishwe. Baada ya muda mfupi nusu ya darasa walikuwa wanapiga soga gizani bila sauti. Kiranja alichanganyikiwa, akaenda kumuuliza Mwalimu Chuang kama mtu anayeongea kwa mikono naye aandikwe. Mwalimu akamwambia yeye alale.

Mama, mwanangu akawa ndiye anayetafutwa. Akaalikwa nyumbani kwa kina Kai-lin, akarudi na harufu ya mchuzi na kicheko usoni. Nilijiona mshindi.

Mvua za baridi zilipoanza na mchana kuwa kama jioni, mambo yakaharibika. Mwalimu alinipigia simu akasema wasichana wale wawili hawasemeshani. Kai-lin alikuwa anatangaza kwamba Yun-hsi siku hizi anaringa, anasemeshwa saa ya kulala na anajifanya haoni, basi na akae na maringo yake. Wenzake wakamfuata. Nikamuuliza Yun-hsi amemkosea nini mwenzake. Akanijibu kwa mikono, machozi yakimtoka, kwamba Kai-lin ndiye aliyeacha kumsemesha. Anamngoja kila siku, amekaza macho, na Kai-lin hasemi kitu.

Nikavuta pazia la jikoni pakawa giza, nikasimama mbele yake nikamwambia kwa mikono kuna mayai, anataka la kukaanga? Alikuwa anatazama pale pale niliposimama. Akaendelea kungoja nianze kusema.

Nilimwambia Mwalimu Chuang kwamba mtoto haoni vizuri penye giza, naye akawaeleza darasani. Kai-lin alilia mpaka akapaliwa. Mwalimu akataka taa moja iachwe inawaka, Kai-lin akapinga, eti kiranja atawaona. Kesho yake alisogeza kiti chake, akaushika mkono wa Yun-hsi chini ya meza, akaanza kumwandikia kiganjani kwa kidole, neno baada ya neno. La kwanza kabisa lilikuwa kwamba kiranja ananuka miguu. Yun-hsi alinisimulia haya akicheka na kujikuna kiganja. Nilicheka naye, kisha nikaingia bafuni nikafungulia maji.

Maana kuna jambo ambalo hao watoto hawalijui, Mama, na Yun-hsi mwenyewe sijamwambia. Tulimpeleka kwa daktari Taipei. Amesema masikio na macho ni ugonjwa mmoja, alizaliwa nao, ameurithi kwetu sote wawili, mimi na baba yake. Unaanza kuchukua gizani. Baadaye utachukua pembeni, kidogo kidogo, abaki anaona kama mtu anayechungulia tunduni. Baada ya hapo huenda asione kabisa. Inaweza kuwa miaka mingi, inaweza isiwe. Nilimuuliza kama nimpe macho yangu. Alinijibu kwa upole kwamba hilo haliwezekani.

Kumwambia nitamwambia, lakini nimeomba nafsi yangu inipe kwanza Mwaka Mpya huu mmoja. Tunakuja. Tukifika usimwite kwa kumpungia mkono kutoka mlangoni jioni, msogelee umguse. Na nakuomba, usikimbilie jikoni kama kawaida yako. Kaa naye uani mchana, pale unapoanika figili, penye jua. Usifunike mdomo ukicheka kwa ajili ya lile pengo. Akikukodolea macho muda mrefu, usimwambie ni utovu wa adabu. Mwache akutazame, Mama. Nataka sura yako aibebe.

Baba Yun-hsi anakusalimu sana, na mjukuu wako anauliza kama bata bado wapo. Jifunike vizuri usiku.

Mwanao akupendaye,
Pei-shan