Daftari la Kijani la Mkuu wa Chuo

Kibiti,
19 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Waride,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Kigoma? Shemeji Yussuf hajambo, na watoto wote? Na lile goti lako, siku hizi linakuacha ulale? Sisi huku tuko salama, alhamdulillahi, ila mvua imetuchosha. Mama yuko Maparoni na afya yake nzuri. Macho ndiyo yale yale, lakini ulimi haujazeeka hata kidogo.

Dagaa wamefika, ahsante sana. Nikuulize kitu kimoja tu: kifurushi ulikifunga mafundo mangapi? Kilichonifikia mimi kilikuwa na fundo moja, tena legelege, na wewe tangu utotoni hufunga mawili kama mama. Simshuku Bashiru dereva aliyekileta. Nauliza tu.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Simu ninayo, na salio lipo. Lakini kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho, na ujumbe wa sauti siutaki tena, maana sauti yako ikishachukuliwa huna mamlaka nayo. Bahasha hii nimeipaka gundi, nikatia saini yangu pale inapofungukia. Ukikuta saini imekatika katikati, niarifu.

Baada ya Idd uliniambia kwamba huongei na mwanao Ummy, aliyeko Maparoni kwa mama, kwa sababu ya uzembe wake. Ulisema angewahi kuja kuripoti hapa chuoni kwetu asingekuta nafasi zimejaa, na kwamba mpunga ukishavunwa utamtumia nauli aje kukaa dukani kwako. Siku ile nilinyamaza. Ningependa uyakumbuke maneno yako hayo unapoendelea kusoma, na nauli usiitume kwanza.

Mkuu wetu wa chuo, Madam Mwanamina, anasoma PhD ya uongozi wa vyuo. Haendi popote kuisomea, anafundishwa kwa kompyuta na walimu wa ng'ambo. Na masomo yenyewe si ya vitabu tu. Wanataka mtu aitafiti kazi yake mwenyewe, ile anayoifanya kila siku. Sasa kazi yake Madam ni kutuongoza sisi, kwa hiyo anatutafiti sisi. Mwalimu Saidy wa hisabati alisema siku tuliyotangaziwa, "Mpishi kafunua chungu, anaziuliza nyanya kama zimeiva." Tulicheka, lakini midomoni tu.

Tangu Septemba mwaka jana akawa hatembei bila daftari la kijani. Anasimama mlangoni mwa ofisi, anaandika. Anapita bwaloni, anaonja maharage, anaandika. Mtu akichelewa geti, anaitazama saa, anaandika. Eti ni shajara ya utafiti, anaandika mawazo yake na makosa yake mwenyewe. Waride, nimekaa maofisini miaka ishirini na mbili, na sijaona bosi anayenunua daftari la kuandikia makosa yake. Nilijua humo ndani tumo sisi, kila mtu na ukurasa wake, na siku ya kupunguza watu litafunguliwa.

Januari akaanza mahojiano, mmoja mmoja. Kwanza unapewa fomu ya ridhaa utie saini. Fomu inasema jina lako halitatajwa, utaitwa kwa namba, na ukijuta unaweza kuyafuta maneno yako. Mimi nikawa Mshiriki wa Tatu. Tuko watumishi kumi na wanne, na karani wa usajili ni mmoja. Hata angeniita Mshiriki wa Elfu, atakayesoma si atajua ni Gharibu?

Basi tukakubaliana kimyakimya, bila kikao, kwamba kila mtu atasifu. Nami nilisifu mpaka nikajionea haya. Akaniuliza kuhusu kanuni yake ya kuripoti, ile aliyoileta miaka mitatu iliyopita: mwanafunzi mpya awe amefika kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa ya juma la kuripoti, na baada ya hapo karani apige mstari mwekundu kwenye daftari la usajili, nafasi ipotee. Nikamwambia ni kanuni nzuri, imeleta nidhamu. Kinasa sauti kilikuwa mezani kinawaka kijitaa chekundu. Nilikitazama hicho muda wote, yeye sikumtazama.

Sasa Alhamisi iliyopita alituita maktaba. Walimu wake wanamtaka aturudishie alichokipata, tuseme kama ndivyo au sivyo. Nilikaa karibu na mlango. Saidy alikuwa na barua yake ya maombi ya uhamisho mfukoni, ameshaiandika, anangoja kusikia tu.

Akasoma kwenye karatasi: watumishi wote wanaiunga mkono kanuni ya kuripoti. Halafu akasema mwaka jana waliopigiwa mstari walikuwa saba, na sita kati yao wametoka visiwani, huku delta. Akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekohoa.

Akaiweka karatasi, akafungua lile daftari la kijani. Nakuandikia alichosoma kama nilivyokishika, maana tangu siku hiyo hakijanitoka:

"Jumatatu, saa tatu kasoro. Amekuja binti kutoka visiwani, viatu mkononi, matope mpaka magotini, godoro limelowa. Karani amemwonyesha mstari. Mimi nimesimama mlangoni. Kanuni ni yangu, nikiivunja mbele ya watu nitaonekana sina msimamo. Nimesubiri karani aniombe, nipate sababu ya kumruhusu. Hakuniomba. Nimerudi ndani, na kusema kweli nimeona nafuu. Je, huu ndio uongozi?"

Waride mdogo wangu, binti huyo ni Ummy.

Nafasi hazikuwa zimejaa. Nilikudanganya. Na mwanao hakuzembea. Aliondoka Maparoni Alhamisi, siku nzima kabla ya mwisho. Wewe umekulia kule, unajua maji mafu yanavyofanya: kijito kilikauka, boti ikakaa kwenye tope, wakalala humo na mbu mpaka Jumapili ndipo wakafika Nyamisati. Kutoka pale alipanda bodaboda mpaka Bungu, akapata gari, akanifikia Jumatatu asubuhi nimeshapiga mstari.

Akafurahi kuniona. Akaanza, "Shikamoo mjo..." Nikamkata. Nikamwambia, "Hapa niite karani." Kwa sababu nilimwona Madam mlangoni na daftari lake, kalamu inakwenda, nikajua ananiandika mimi: karani Gharibu anapendelea ndugu zake. Nilisema moyoni, hunipati. Nikamwonyesha mtoto wa dada yangu mstari mwekundu niliouchora kwa mkono wangu. Akautazama. Akasema, "Sawa, karani." Akajitwika godoro lake akatoka.

Yule mwanamke alikuwa anasubiri nimwombe. Neno moja tu, Waride. Na mimi nilikuwa nasubiri ageuke asitazame.

Ijumaa baada ya swala nilimfuata ofisini. Sikukaa. Nikamwambia, "Yule binti wa godoro ni mpwa wangu." Akaniuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaandika," nikamjibu.

"Nilikuwa naandika kwa sababu sikujua la kufanya," akasema.

Bado sijui kama nimsadiki. Usidhani nimelainika. Inawezekana na hayo ya kusoma makosa yake mbele yetu ni ujanja wa kutufungua midomo, na ukweli tutakaousema ndio utakaotupeleka nyumbani. Saidy anaona hivyo, na barua yake ya uhamisho ingali mfukoni. Lakini nilimwomba ayafute maneno yote ya Mshiriki wa Tatu, anihoji upya. Kinasa sauti nilikiwasha mwenyewe. Nikamweleza maji mafu ni nini, zile siku bahari haijai vya kutosha kuingia vijitoni, maana yeye ni mtu wa bara na hajui. Nikamweleza kwamba Ijumaa ya mwisho wa kuripoti ikiangukia maji mafu, watoto wa delta hawawezi kufika hata wangekuwa malaika, na kwamba mimi nilizaliwa kule, nilijua hivyo Ijumaa zote tatu, mwaka baada ya mwaka, nilipopiga mistari. Sauti ilinitetemeka. Imo humo, na akitaka kuwachezea wazungu wake awachezee.

Amesema kanuni ataipeleka kwenye baraza la chuo mwezi ujao, na mimi niende kulieleza baraza. Kuhusu Ummy kuanza Oktoba hakuniahidi, alisema baraza ndilo litakaloamua. Afadhali hivyo, ahadi ya haraka ingenitia wasiwasi zaidi. Nitakwenda. Nikifukuzwa kazi, nitakuja mimi kukaa dukani kwako.

Jumamosi nikavuka kwenda Maparoni. Nilimkuta Ummy shambani kwenye kichanja, anawinga ndege kwenye mpunga kwa teo na makopo. Aliponiona akashuka. "Shikamoo mjomba," akasema, ameikamilisha safari hii. Nikaitikia marahaba. Nikamwomba msamaha pale pale tumesimama kwenye maji. Akaniambia alijua nina sababu yangu, kwa hiyo nyumbani alisema nafasi zilikuwa zimejaa.

Nikamuuliza nani alimfundisha kusema hivyo, kwa kuwa nami nilikuambia maneno hayo hayo na hatukuwa tumepanga. Akasema hakuna. Alisikia kwa bibi yake kwamba ndivyo nilivyokueleza, akaona asinivunjie. Miezi saba, Waride. Umemwita mzembe, umemnunia tangu Ramadhani, naye ameyabeba yote. Mama aliposikia habari yote aliniambia, "Mficha uchi hazai, Gharibu, na wewe umeuficha kwa nguo ya mtoto."

Basi nakuomba mambo mawili. Nikasirikie mimi, nimestahili, na nauli ya kuja Kigoma uiache mpaka baraza likae. Na Ijumaa umpigie simu mwanao. Muulize nani alimrudisha kutoka chuoni, usimwambie kwanza kwamba nimekuandikia. Akikujibu nafasi zilijaa, hapo usimkemee. Mwambie unajua.

Mama anakusalimu sana, na anakuomba kanga ya rangi iliyokolea aione. Shangazi Tabu wa Utete anakusalimu, na wifi yako Ashura naye anakusalimu, ameipika sehemu ya dagaa na kuwasifu. Nisalimie shemeji Yussuf, na wapwa zangu Warda na Mudrick uwabusu kwa ajili yangu.

Nakuombea kwa Mwenyezi Mungu afya, riziki na usingizi mwema. Na siku utakapohitaji kusitiriwa, akupe wa kukusitiri kama mwanao alivyonisitiri mimi.

Kaka yako akupendaye,
Gharibu