Mabeseni Chini ya Mti wa Mjomba

Mpendwa Mjomba,

Mti wako wa viwavi vya kula ungali umesimama uani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama sisi tu wazima.

Nakumbuka ulivyorudi kutoka melini. Watu wa mtaa wetu wa Kasuku walijaa uani kungoja redio na viatu vya Ulaya, nawe ukafungua sanduku: mbegu, maganda ya miti, manyoya ya ndege wa Brazili. Bibi akashika kichwa. "Mutoto wangu anazunguka dunia yote, ananiletea takataka!" Ukacheka hadi ukakaa chini. Ulikuwa umeona barafu ya Norwei na misitu ya India, lakini kila kitu ulikipima kwa msitu wetu, na msitu wetu ulishinda kila mara. Nilikutambia shuleni mpaka wenzangu wakachoka.

Kisha vita vikatukuta sote hapa Kindu. Treni haikuja, maboti hayakuja, chumvi ikawa hadithi. Viwavi vilikuwa bado vichanga huko juu, na majirani wakaja na mashoka waangushe mti, wavile hivyo hivyo. Siwalaumu, njaa haina adabu. Ukasimama mbele ya shina na kaptula yako ya ubaharia.

"Mukikata leo, mwaka kesho mutakula nini? Kuni? Kila nyumba ilete beseni. Vikikomaa vitashuka vyenyewe."

Ndivyo desturi yetu ilivyoanza: beseni likishawekwa chini ya mti, hakuna wa kuligusa wala kulisogeza mpaka mgao. Uliweka hata mabeseni ya waliokimbilia msituni, na fungu lao ukalikausha kwa moshi. Viwavi vilishuka kweli. Mtaa mzima ulikula, na waliorudi wakakuta chakula.

Ulipofariki, mwanao Idi akataka kuukata mti ajenge maduka ya kupangisha. Nilimsihi, nikalia. "Dada, muti haulipi kodi," akanijibu.

Asubuhi moja akaja na fundi wa msumeno. Akakuta mabeseni yamelizunguka shina, hakuna hata pa kukanyaga. Wanawake waliokuwa watoto wakati wa vita walikuwa wamemtangulia. Na beseni lililokuwa karibu zaidi na shina lilikuwa la mke wake! Idi akamtazama mkewe, naye alikuwa anafagia uwanja kama hayamhusu.

"Hii njo mambo ya Baba kabisa," Idi akasema, akicheka bila kupenda. Akamrudisha fundi.

Mjomba, nilijivuna nusura nipasuke. Bahari zote zile ulizovuka, na neno lako bado linasikika uani kwetu.

Leo viwavi vimeanza kushuka. Nawe nimekuwekea beseni lako, lile la bluu lenye kutu, upande wa mtoni. Mpaka sasa hakuna aliyeligusa.

Safari njema, popote ulipo.

Mpwa wako