Goti la Chuma Halijashika Kutu

Bakoki wangu Wafula,

Sisi tuliotahiriwa pamoja hatudanganyani, kwa hivyo nakuandikia kweli tupu kwa mkono huu wa jembe. Ulishindwa, bana! Goti langu liko.

Nilipotoka hospitali Kitale na goti hili la chuma ulinicheka mbele ya watu: "Ngoja mvua inyeshe kwa hicho chuma, tutakusikia ukilia kama mlango wa boma." Mvua zimekuja zikaenda, mahindi nimevuna miaka mingi, na wewe ndiye uko chini ya udongo. Hapo sicheki. Hapo... wacha niendelee.

Natembea, Wafula. Napanda kilima cha shambani, vijana wanahema nyuma yangu. Kupiga magoti kanisani ndiyo siwezi, ni kama kukanyagia changarawe. Naomba nimesimama, Mungu amezoea kiburi changu. Baridi ikikaza linanong'ona kidogo. Daktari hulipiga picha, anasema siku moja linaweza kulegea. Nilimwambia mimi nitalegea kwanza.

Sasa sikia. Mke wako Nasimiyu magoti yamemwisha. Anatoka jikoni akishika ukuta. Watoto wamepanga apasuliwe kama mimi, amekataa. Ati wewe ulisema mtu arudi kwa Mungu na mifupa aliyopewa, na yeye hatavunja neno lako. Si hiyo ilikuwa mdomo tu, ya kunichokoza mimi! Lakini mtu akikufa, mzaha wake unakuwa sheria.

Basi Jumapili nikaja kwako Matulo. Kiti nilikataa. Nilitembea toka mlangoni mpaka kaburi lako, nikarudi, nikaenda tena, Nasimiyu anatazama tu.

"Shemeji, punguza maringo, utamwangukia mume wangu!"

"Nikianguka, usiende hospitali," nikamwambia.

Sikuanguka. Alicheka, halafu akalia, halafu akauliza kama inauma. Sikumficha. Nikasema inauma sana, mwanzo utamtukana daktari na ukoo wake wote, halafu siku moja utajikuta umefika kwa jirani bila kufikiria goti. Akatazama kaburi lako. Akasema ataenda.

Kwa hivyo achilia lile neno, bakoki. Mimi nitakaa kando ya kitanda chake mpaka asimame, nimeapa.

Lala vizuri. Na siku atakapokuja kwako, isiwe karibu, usimkague magoti. Msikilize tu anavyokuja: kwa miguu yake, bila fimbo, bila kushika ukuta.

Ni mimi, Barasa, ambaye bado anatembea.