Maziwa Hayaoshi Kifua

Karakana ya Mawe,
Nyuma ya Soko.
Tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu kwanza, maneno mengine yakae foleni. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Wale pacha wenu bado wanagombania mto mmoja, au akili zimeshawaingia? Sisi huku wazima kabisa. Shemeji yako amesimama nyuma ya bega langu kuona kama nimekusalimu vya kutosha, kwa hiyo hujambo tena.

Usicheke mwandiko. Shule mimi nimeijenga, sikuisoma. Ngazi za mawe za shule mbili hapa mjini ni mkono wangu huu. Waliozipanda wametoka na vyeti, wengine wameshastaafu, ngazi zangu hazijatikisika.

Sasa habari. Kaka yako nimepigana na saratani ya mapafu, na nimeipiga. Ndiyo, kansa yenyewe. Usishtuke, anayekuandikia si mzimu, mzimu hauombi kalamu kwa mke wake. Sikukuambia mapema kwa sababu ungelia kwenye simu, na mimi sipendi kuliliwa kabla ya wakati.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakata marumaru kavu pale karakana, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, tukirudi nyumbani mama anatuamkia shikamoo wazee? Na dawa yetu unaikumbuka. Saa nane mchana, glasi ya maziwa kwa kila fundi, ya kuosha vumbi kifuani. Nani alituambia hayo, sijui. Mafundi wote wanajua tu, kama wanavyojua nyundo ina kichwa. Mimi nimekunywa miaka arobaini na miwili. Kama maziwa yangekuwa yanaosha, pafu langu leo lingewekwa dirishani badala ya kioo.

Basi mwaka jana kikohozi kikanishika kikagoma kuachia. Wiki ya tatu, ya sita, ya kumi. Na mimi unanijua, jambo dogo silifanyi. Nikikohoa, bati la karakana linaangusha vumbi lililolala tangu ujana wetu, na mbwa wa fundi viatu ananiitikia. Nikaongeza dozi. Glasi mbili, halafu tatu. Suruali ikaanza kunikimbia, nikatoboa mkanda tundu jipya, nikawa natamba kwamba kiuno cha ujana kimerudi.

Aliyeniokoa si msomi. Ni mama wa maziwa, yule yule mwenye sauti ya tarumbeta. Nilinyoosha glasi nipate ya nne, akaifunika kwa kiganja.

"Baba, ndama wangu wananyonya asubuhi mpaka jioni, na wakivuta vumbi wanakohoa. Wewe nani amekudanganya?"

Mafundi walicheka mpaka msumeno ukazimwa. Nikamwambia auze maziwa, udaktari awaachie wenyewe. Akasema, "Basi siuzi. Nitakuuzia siku ukiniletea picha ya kifua." Umeona wapi mtu anafukuza mteja? Nikajua nitanunua kwa mwingine. Weee! Alishawapitia wenzake wote. Siku mbili nimezunguka soko zima na glasi mkononi kama mwendawazimu, hakuna aliyenimiminia hata tone.

Kwa hiyo nilikwenda hospitali. Sikwenda kwa hekima, nisikudanganye. Nilikwenda nikapigwe picha safi, nije nimpepee nayo usoni.

Kule kwanza wakanitemesha kikombeni, wakapima kifua kikuu, hakipo. Nikashika kofia niondoke na ushindi wangu. Muuguzi akanivuta kola. "Mzee, kikohozi cha wiki kumi hakiagi hivyo." Nikavuliwa shati, kidevu juu, kifua kwenye bamba la baridi, vuta pumzi, zuia. Nilizuia, mdogo wangu, nikawaonyesha pumzi ya fundi mawe! Mpiga picha akaja mwenyewe kunigusa bega. "Pumua baba, tumemaliza zamani."

Picha ikatoka na doa. Juu, upande wa kulia, kama punje ya harage. Wakanipitisha kwenye mashine ya duara kama tairi la trekta, wakanichoma sindano kuchukua kipande wakipime, na baada ya siku kadhaa daktari wa kifua akalitaja kwa jina lake.

Siku hiyo sikutania. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali, nikaanza kuzikagua zilivyojengwa, maana sikuwa na kazi nyingine ya kuyapa macho. Zimejengwa vibaya.

Kilichonitia hofu hasa ni kwamba lile doa halikuwa linauma. Hata kidogo. Limetulia kama paka jikoni. Daktari akasema ndivyo wengi wanavyopotea: mtu anasubiri aumwe, na akija kuumwa limeshatembea mpaka kwenye mifupa. Langu halijatembea. "Umekuja mapema, mzee," akaniambia. Katika maisha yangu nimesifiwa mengi, unajua, lakini sijawahi kusifiwa kwa kuwahi mahali.

Ule usemi wa ufa na ukuta sisi mafundi tunauimba kila siku kwa wateja. Ufa wa kifuani kwangu ndio sikuutazama.

Wakanipasua wakakitoa kipande cha pafu chenye lile harage. Siku ya tatu nilikuwa natembea koridoni na mipira yangu ya kutolea maji ubavuni, nawasalimia wagonjwa kama mgombea wa uchaguzi. Daktari akawaleta wanafunzi wake waje kumwona mtu wa ajabu. Shemeji yako anasema waliletwa kusikia ninavyokoroma. Wivu huo.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nipasuliwe. Kila miezi mitatu narudi kupimwa, na juzi wamenitazama wakaniambia safi. Safi! Nilitoka pale na ile picha nimeinua juu kama kombe, moja kwa moja hadi sokoni. Mama wa maziwa akaitazama kwenye mwanga, akaigeuza juu chini, akasema, "Sijui kusoma hii, lakini umenenepa." Akanimiminia glasi. Nikanywa kwa sababu ni tamu, basi.

Na sikuishia kwangu. Karakana nzima nimeipeleka hospitali, mafundi kumi na wanne, mimi mbele. Wengine niliwabembeleza, wengine niliwatukana, mmoja nilimfichia kiatu nikamwambia kipo hospitali. Mmoja amekutwa na kifua kikuu, anameza dawa zake, anapona. Waliobaki picha zao ni nzuri. Hatukati tena jiwe kavu. Msumeno unamwagiwa maji muda wote, na barakoa tunavaa mpaka tunafanana na wezi wa benki. Sigara nimeacha. Wiki ya kwanza usiulize, niligombana mpaka na kuku. Wako pia wasiovuta kabisa na wanaugua, daktari kaniambia, lakini hilo lisitupe kisingizio mimi na wewe.

Kwa maana sigara yako ya kwanza nilikupa mimi. Nyuma ya tangi la maji, ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikohoa mpaka machozi yakakutoka, nikacheka, nikakuwashia ya pili. Nimehadithia visa vingi maishani mwangu, hicho sijawahi kumhadithia mtu. Nilipokuwa nimelala na mipira ubavuni sikuwaza kifo changu sana. Niliwaza kile kiberiti.

Mwezi jana tulipoongea kwenye simu ulikohoa mara saba kabla hujaniuliza hali. Ukasema mafua. Mafua gani ya miezi minne, ndugu yangu? Na sauti imekukwaruza kama msasa. Nikakuomba uende ukapigwe picha, ukasema kesho. Ile ilikuwa Jumanne. Jumanne ngapi zimepita tangu hapo?

Sasa nisikilize, na usipandishe sauti, watu wanakutazama. Barua hii sikuituma kwako. Nimemtumia shemeji, nikamwapisha asikukabidhi mpaka mmeshakaa. Tazama ulipo. Hilo ni benchi la kliniki ya kifua, na mlango ulio mbele yako ndio wa chumba cha picha. Wewe ulijua umemsindikiza mkeo kwa ajili ya goti. Goti lake ni zima, juzi tu alikuwa juu ya paa anarudisha bati. Namba aliyoshika ni yako, na jina lililoandikwa pale dirishani ni lako.

Unaweza kuinuka ukaondoka, sitakufunga kamba kwa barua. Lakini shemeji amekaa upande wa kutokea, na unamjua mwili wake.

Nisalimie pacha, waambie baba yao mkubwa bado anawashinda mieleka. Nisalimie mama mkwe wako na yule shemeji yetu kinyozi. Shemeji yako anakusalimu, na sasa hivi anafuta macho, anasingizia vumbi.

Mungu akujalie pumzi ndefu. Na kama amekuandalia habari mbaya, akuonyeshe leo, ingali ndogo. Vua shati, mdogo wangu. Kidevu juu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko unavyostahili,

Fundi Mawe